Nimemaliza riwaya tatu za Arthur. Sasa nauliza: hadithi ya Luanda Magere ingesimuliwa na nani?

#1 Msomaji wa Kondele
Habari wadau. Juzi saa nane usiku nimefunga kitabu cha tatu cha Bernard Cornwell kuhusu Arthur, na tangu hapo sijalala vizuri. Ni riwaya tatu zinazofuatana: The Winter King, Enemy of God na Excalibur. Wengi wetu Arthur tulimjua kwenye katuni, mfalme mwenye taji, upanga unachomolewa jiweni, meza ya duara. Humu hakuna taji. Arthur ni jemadari, mtoto wa nje ya ndoa, aliyekabidhiwa kumlinda mtoto mchanga ambaye ndiye mfalme halali. Kuna matope, chawa, ng'ombe wa kuporwa, na viapo vinavyoua watu.

Kilichonishika zaidi ni msimulizi. Anaitwa Derfel, askari wa zamani wa Arthur, sasa ni mtawa mzee aliyebaki na mkono mmoja. Anaandika kwa siri, kwa lugha ambayo askofu wake hawezi kuisoma, kwa ajili ya malkia kijana aliyekua akisikia nyimbo za Arthur. Malkia akisoma anakasirika, kwa sababu mambo hayakwenda kama nyimbo zinavyosema. Mzee hamwonei haya. Yeye alikuwepo.

Basi nikamkumbuka Luanda Magere, shujaa wetu Wajaluo. Tumemsikia tangu utotoni, lakini kila anayesimulia alisikia kwa mwingine. Kama mtu angekaa aandike riwaya tatu namna hiyo, Derfel wetu angekuwa nani? Nani aliona yote, akabaki hai?

#2 Jakano
Swali zuri sana. Mimi nasema mdogo wake. Mtu wa ukoo wa Sidho, aliyebeba ngao nyuma yake vitani. Huyo ndiye aliyeona mikuki ikimgonga kifuani na kuanguka chini.

#3 Fundi Nakuru
Samahanini, mimi nimezaliwa Njoro, hadithi hii nilisoma darasa la tano nikaisahau. Hebu mtu anikumbushe kabla sijachangia upuuzi.

#4 Nyar Ahero
Fundi, karibu. Kwa kifupi: Luanda Magere alikuwa shujaa wa watu wa Sidho, uwanda wa Kano. Mwili wake ulikuwa kama jiwe, mkuki haukuingia, mshale haukuingia. Lwanda kwa Kijaluo ni mwamba. Majirani wa milimani, tuliowaita Lang'o, walishindwa naye kila vita. Wakaona wampe binti mrembo amwoe. Wazee wa Kano walimwonya, hakusikia. Siku moja akaugua, mke mkubwa hakuwepo, akamwita huyo binti amchanje chale apake dawa. Wembe ukateleza juu ya ngozi. Akamwambia: chanja kivuli changu. Binti akachanja kivuli, damu ikatoka. Usiku binti akatoroka kwenda kwao. Vita vilivyofuata mkuki ulirushwa kwenye kivuli, akaanguka, akageuka jiwe. Jiwe lipo mpaka leo.

Mimi bibi yangu alinisimulia Ahero, akipepeta mchele jioni. Nakumbuka alikuwa akifika pale pa damu anaacha kupepeta. Ungo unabaki magotini, hasemi kitu kwa muda. Halafu anasema, "Na yule msichana alilia." Hiyo sijaisikia kwa mtu mwingine yeyote.

#5 Fundi Nakuru
Ahsante dada. Sasa nimekumbuka. Na sasa nina la kusema: hii si Samsoni na Delila kabisa? Waamuzi 16. Shujaa asiyeshindwa, mwanamke wa upande wa adui, siri ya nguvu, anasalitiwa. Naona wamisionari walileta, wazee wakaivisha nguo za hapa.

#6 Jakano
Fundi hapana. Wamisionari wa CMS, Waanglikana, walifika Maseno 1906. Unataka kuniambia wazee wa Kano walisikia mahubiri, wakatunga shujaa, wakampa ukoo, wakampa jiwe, na watoto wao wote wakaamini ni babu yao, yote hayo ndani ya kizazi kimoja?

#7 Mpwani wa Dunga
Mimi ni mtu wa Lamu, nipo Kisumu miaka kumi na minane kwa kazi ya samaki. Kuhusu Samsoni nina mfano wa kwetu. Fumo Liyongo, mshairi na shujaa wa Pate na Ozi. Hakuuawa kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Na aliyemchoma ni mwanawe mwenyewe, aliyetumwa na maadui kwa ahadi ya ukubwa. Liyongo akaamka, akachukua uta, akapiga goti kisimani, mshale tayari, akafia hapo hapo. Watu wakakaa siku nyingi bila maji wakidhani yu hai, mpaka mama yake akaenda kumbembeleza. Muhammad Kijumwa aliuandika utendi wake mwaka 1913, lakini nyimbo zinazosemwa ni za Liyongo mwenyewe ni za zamani zaidi.

Kwa hiyo Fundi, mtu asiyechomeka ila mahali pamoja yupo pwani, yupo Kano, yupo kwenye Biblia. Sioni lazima mmoja awe kamwibia mwenzake.

#8 Bint Menengai
Wadau TAFADHALI. Mimi niko kitabu cha pili cha Arthur, nusu. Msinifichulie mwisho. Niliona uzi huu nikafurahi, halafu nikaanza kusoma kwa jicho moja.

#9 Msomaji wa Kondele
Bint Menengai usijali, mwisho sitautaja. Mpwani, hapo kwa Liyongo umenigusa. Aliyemuua ni wa ndani ya nyumba. Na kwa Magere pia.

#10 Mwalimu Mstaafu
Salaam kutoka Kakamega. Nimefundisha historia na fasihi kwa muda mrefu, na naomba niseme lisilopendeza. Nadhani jiwe lilitangulia, hadithi ikafuata. Watu walihamia uwanda tambarare wa mfinyanzi na mafuriko, wakakuta jiwe mahali pasipotarajiwa. Mtoto akauliza, mkubwa akajibu kwa hadithi. Tazameni Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay. Ni ziwa la volkano, lakini hadithi inasema palikuwa na kijiji kilichomnyima mgeni mzee hifadhi usiku, kikazama. Maji yalikuwepo kwanza.

Hata Uingereza ni hivyo. Kilima cha Edinburgh kinaitwa Kiti cha Arthur, na hakuna ushahidi kwamba aliwahi kukikalia. Jina lake limebandikwa kwenye mawe kila kona.

Na kwa habari ya Arthur mwenyewe: mtawa Gildas aliandika karne ya 6, karibu kabisa na matukio, akavitaja vita vya Badon, vinavyohusishwa na Arthur, lakini Arthur hamtaji hata mara moja. Jina linakuja kwenye Historia Brittonum, karne ya 9, na hata humo anaitwa kiongozi wa vita, si mfalme. Taji na makuu mengine alipewa na Geoffrey wa Monmouth, karne ya 12. Kwa hiyo Cornwell kumnyima taji hakuzua, alirudi nyuma.

#11 Fundi Nakuru
Mwalimu nakubali kwa Arthur. Lakini Lancelot, yule askari wake maarufu, je? Yeye si wa tangu mwanzo?

#12 Mwalimu Mstaafu
Siye. Lancelot na mapenzi yake na Guinevere, mke wa Arthur, vililetwa na mshairi Mfaransa, Chrétien de Troyes, karne hiyo hiyo ya 12. Zaidi ya miaka 700 baada ya Warumi kuondoka Uingereza.

#13 Msomaji wa Kondele
Na humu ndani Cornwell amemfanyia Lancelot jambo ambalo nililisoma mara mbili. Ni mwoga. Anakimbia vita, halafu anawalipa washairi waimbe kwamba alipigana. Derfel aliyekuwa pale kwenye moto na damu anakuja kusikia wimbo ambao jina lake halimo. Hasira ile niliihisi tumboni, nimekaa kitandani na tochi ya simu kwa sababu stima ilikuwa imepotea.

#14 Nyar Ahero
Hapo ndipo ninapotaka kuingia, kwa sababu nimekuwa na wazo hili miaka mingi na sijawahi kulisema hadharani.

Luanda Magere alikuwa mgonjwa. Tunaharakisha kufika kwenye kivuli, tunapita juu ya hilo. Mtu alikuwa kitandani, ana homa, kichwa kinamuuma, anaomba kuchanjwa. Mimi ni muuguzi, namwona mtu wa namna hiyo kila siku. Uwanda wa Kano una mbu, una mafuriko, una malaria mpaka leo. Sasa fikiria mtu hajapona vizuri, watu wake wanamsukuma aende vitani kwa sababu bila yeye hawajui kupigana, na anaanguka. Ukoo utasema nini? Kwamba tulimtoa shujaa wetu kitandani tukamuua? Au kwamba mwanamke mgeni alitoa siri?

Ndiyo maana msimulizi wangu ni mke mkubwa. Siku ile hakuwepo nyumbani. Miaka yote iliyobaki angejiuliza ingekuwaje kama angekuwepo.

#15 Jakano
Nyar Ahero, umenifanya niweke simu chini. Sikubali yote, lakini siwezi kulifuta kichwani.

Ila kivuli tusikifanye kitu cha kupamba tu. Kwa Kijaluo tipo ni kivuli, lakini wazee wakisema tipo hawasemi giza lililo ardhini peke yake. Ni sehemu ya mtu, nafsi yake inayomfuata. Kwa hiyo kusema nguvu yake ilikuwa kwenye tipo ni kusema ilikuwa rohoni. Mwili ungeweza kuwa jiwe, roho ikawa laini. Alipenda, akafungua.

#16 Arap Milimani
Nimesoma kimya tangu asubuhi. Mimi ni Mnandi, kwetu ni Nandi Hills, ukisimama kwenye majani chai ukitazama chini unaiona Kano yote mpaka ziwani. Hao Lang'o mnaowataja ni babu zangu, ingawa Wakipsigis nao wanaweza kuingia humo, maana jina hilo lilitumika kwetu sote.

Nataka kuwauliza kwa heshima. Kwa nini kila mtu hapa anamwita msaliti? Msichana alitolewa kwao na wazee, akapelekwa kwa mtu aliyeua ndugu zake. Hakuulizwa. Alikaa katikati ya watu wanaomtilia shaka. Akajua alichotumwa kukijua, akatembea usiku kutoka Kano mpaka milimani, peke yake, nyakati ambazo fisi na chui walikuwa wengi. Angekuwa mwanamume tungemjengea sanamu. Kwetu huyo ni shujaa, na kama kuna Derfel katika hadithi hii ni yeye. Alikuwa pande zote mbili.

#17 Fundi Nakuru
Arap hapo umesema. Halafu si hivi vita ndivyo vya wakati wa Koitalel?

#18 Arap Milimani
Hapana kaka, umechanganya. Koitalel arap Samoei, kiongozi wetu Wanandi, aliuawa na Meinertzhagen, afisa wa Kiingereza, mwezi wa Oktoba 1905, alipoitwa kwenye mazungumzo ya amani. Hiyo ni vita ya Wanandi na Waingereza, ya reli. Hadithi ya Magere ni ya kabla ya hapo, vita vya ng'ombe na malisho kati ya majirani. Hakuna Mzungu ndani yake.

#19 Jakano
Arap, nimekusikia. Nilikua nikimchukia yule msichana kama mtu niliyemjua. Tulipokuwa watoto tukicheza, hakuna msichana aliyekubali kuwa yeye.

#20 Nyar Ahero
Mimi nilikubali. Bibi alinipa sehemu hiyo.

#21 Mwana wa Kimilili
Wadau mnaongea Magere Magere kana kwamba ukanda wote wa magharibi ni Kano. Sisi Wabukusu tuna Mango, aliyemuua nyoka mkubwa aliyekuwa akimaliza watu na mifugo, akamvizia pangoni mwake. Baada ya hapo akatahiriwa kwa kuonyesha uanaume wake, na tohara yetu tunaihesabu kuanzia kwake. Hizo ni riwaya tatu zilizokwisha kujipanga: cha kwanza nyoka, cha pili kisu, cha tatu vizazi vilivyofuata. Msimulizi ni mama yake Mango, aliyemkataza asiende.

#22 Jakano
Kimilili, andika basi tusome! Ila ukishamaliza usije ukamvisha Mango jezi ya timu yenu ya mpira, Ingwe.

#23 Mwana wa Kimilili
Na nyinyi mliomchukua mganga Gor Mahia mkamfanya timu ya mpira mwaka 1968, mnaniambia mimi habari za jezi? Hakuna hadithi ya kale iliyovishwa nguo mpya kama hiyo. Mganga mzima, kila Jumapili anaimbiwa uwanjani.

#24 Mpwani wa Dunga
Mmh, hapo Kimilili kasema jambo zito kuliko alivyokusudia. Watu wanaoimba Gor Mahia uwanjani, wangapi wanajua alikuwa mtu wa Kanyamwa? Jina limebaki, mtu kapotea. Ndiyo maana riwaya ni muhimu.

#25 Mwalimu Mstaafu
Tusisahau kwamba kuna waliojaribu. Okoiti Omtatah, huyu huyu seneta wa Busia, aliandika tamthilia ya Lwanda Magere, ikatoka 1991. Grace Ogot alishika masimulizi ya Wajaluo akaandika Miaha kwa Kijaluo mwaka 1983. Na marehemu Profesa Bethwell Ogot ndiye aliyetuonyesha kwenye historia yake ya Wajaluo wa kusini, 1967, kwamba masimulizi ya wazee yanaweza kupimwa, koo kwa koo, kizazi kwa kizazi, yakawa historia.

#26 Msomaji wa Kondele
Ahsante mwalimu. Tamthilia ipo, kweli. Mimi nalia na kitu kirefu, chenye nafasi. Unajua katika Arthur vita kubwa ya kitabu cha kwanza inaanzia wapi? Arthur alikuwa ameahidiwa kwa Ceinwyn, binti wa Powys, ndoa ya kuleta amani. Akamwona Guinevere, akavunja. Watu wakafa kwa maelfu kwa sababu ya harusi. Cornwell anakupa kurasa nyingi za hiyo siku moja. Sisi harusi ya Magere tunaipa sentensi moja: "akaletewa binti, akamwoa". Nani alimpeleka? Walilia kwao? Alipikiwa nini siku ya kwanza? Alikielewa Kijaluo?

#27 Bint Menengai
Mimi nasoma kwa tafsiri kichwani, namsimulia mdogo wangu kwa Kiswahili jioni. Kinachonisumbua ni vita. Wale wanasimama bega kwa bega, ngao zinagusana, wanasukumana mpaka upande mmoja uvunjike. Nimekuwa nikisema "ukuta wa ngao". Kuna neno bora zaidi?

#28 Mwalimu Mstaafu
Ukuta wa ngao inatosha, binti. Inaeleweka mara moja.

#29 Jakano
Kwetu ngao kubwa ya ngozi ya nyati inaitwa kuot. Babu alikuwa nayo moja, imekauka ngumu kama mbao, ukiigonga kwa kidole inalia. Niliwahi kuinyanyua nikiwa na miaka kumi na miwili, nikajificha nyuma yake mzima mzima. Na nitawaambia ukweli, siku ile niliwaza: labda huu ndio mwili wa jiwe. Mtu mwenye kuot nzuri kuliko zote, na anayejua kuishika. Kivuli ni ule upande ambao ngao haifiki.

#30 Fundi Nakuru
Jakano hiyo ni nzuri kuliko Samsoni wangu. Namwacha Samsoni nusu.

#31 Mwalimu Mstaafu
Ngao ni nzuri, ila bado haielezi jiwe.

#32 Jakano
Mwalimu, mimi jiwe nimelishika kwa mkono huu. Wawindaji walikuwa wakinoa mikuki yao juu yake ili wapate bahati. Unapitisha kidole, unakuta mahali palipolainika na pengine pana kwaruzo. Babu alininolea kisu cha mfukoni pale, akapuliza vumbi, akanirudishia bila kusema neno. Wewe sema lilitangulia, mimi sitabishana. Lakini ukiwa pale husemi "hili jiwe". Unasema "huyu".

#33 Bint Menengai
Jamani nina shida ndogo. Kitabu cha tatu Nakuru sijakipata. Nilikuta viwili vya kwanza kwa muuza vitabu vya mtumba, cha pili kina kurasa zilizoshikana kwa chai, nimezitenganisha kwa kisu polepole. Nani ana cha tatu?

#34 Msomaji wa Kondele
Changu nakutumia kesho kwa matatu ya asubuhi. Nitumie ujumbe faraghani. Ukimaliza mpe Fundi, halafu kirudi Kisumu kwa Nyar Ahero. Msikunje kona za kurasa.

#35 Arap Milimani
Nimempigia mama jioni hii. Ana miaka sabini na tisa na anaikumbuka hadithi. Nilimuuliza jambo moja tu, jina la yule msichana. Akanyamaza. Akasema hakuwahi kuambiwa. Kisha akaniuliza mimi: "Waulize hao wa Kano, siku zote alizokaa akiwapikia walimwitaje?"

#36 Jakano
Mwambie mama shikamoo. Sijui la kumjibu. Nitawauliza wazee Jumamosi, kuna matanga nyumbani.

#37 Nyar Ahero
Arap, bibi yangu alimwita Nyar Lang'o. Binti wa Lang'o. Ndivyo kila mke anavyoitwa kwetu, kwa jina la alikotoka. Bibi mwenyewe alitoka Alego, akaolewa Kano akiwa msichana mdogo, na mpaka tunamzika watu walimwita Nyar Alego. Mimi jina lake la kuzaliwa nililisoma kwenye kitambulisho chake, tukiandaa mazishi.

#38 Msomaji wa Kondele
Nyar Ahero, ukipata nafasi tuandikie ukurasa wa kwanza. Hata nusu. Uanzie pale ungo ulipobaki magotini.